Akaale Arudi Kidato cha Nne

Watu wa Lopur walijua kwamba Akaale wa Lokuruka anakwenda Lodwar kusoma hata kabla barua haijamfikia mwenyewe. Habari ya namna hiyo haikai ndani ya nyumba. Mjomba wake Lokiru, karani katika ofisi moja ya serikali kule Lodwar, ndiye aliyemjazia fomu, ndiye aliyefuatilia, na ndiye aliyepiga simu asubuhi ya Jumapili watu wakijiandaa kwenda kanisani: msichana amepata nafasi chuo cha mambo ya tiba, masomo ya kutunza rekodi za afya, aripoti Septemba. Mama yake, Atabo, alisimama katikati ya boma akapiga vigelegele mpaka mbuzi wakanyanyua vichwa.

Na Atabo si mtu wa kupiga vigelegele ovyo. Yeye alizaliwa mwaka wa Lopiar, ile njaa iliyofagia mifugo boma kwa boma, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule akaishi hapotezi pumzi yake bure. Kazi yake ni ukunga. Alipokea watoto wa Lopur hadi hesabu ikampotea, mpaka serikali iliposema wakunga wa nyumbani waache kuzalisha, wawe wanawasindikiza akina mama kwenda zahanati. Atabo alitii, lakini kwa shingo ngumu. "Siku hizi mimi ni wa kuvusha watu barabara," husema. "Wangenipa na filimbi basi."

Akaale wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule aliyosomea ilikuwa haina mwalimu wa Bayolojia tangu yule aliyekuwepo alipopata uhamisho, wanafunzi wakiwa kidato cha tatu, na hakuna aliyeletwa mahali pake. Walisoma wenyewe, kitabu kimoja watu sita. Akaale alipata C ya jumla, si haba, lakini Bayolojia ilikuja na D, D kavu. Akarudi nyumbani akawa mhudumu wa afya ya jamii: mkoba begani, kupima watoto uzito kwenye mizani ya kuning'iniza, na kutafsiri pale zahanati, kwa sababu masista wengi wanaoletwa hutoka Kenya ya chini, kusini huko, na Kiturkana hawakijui.

Kutamani kuwa nesi alitamani siku nyingi. Alimwambia mjomba mara moja tu, na mjomba akacheka kwa mapenzi, kama mtu anavyomcheka mtoto anayetaka kubeba debe la maji.

"Nesi wanataka C ya Bayolojia, binti yangu. Wewe una D. Kwa rekodi hawakukazii sana hapo. Na rekodi ni kazi ya kiti! Kompyuta mbele yako, feni juu yako. Unalijua joto la Lodwar wewe? Mshukuru Mungu uingie."

Akaale akashukuru. Sanduku likanunuliwa, na godoro, na Atabo akaanza kumhesabia siku.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tano hivi yalipotokea mambo ya Akai.

Akai alikuwa mke wa mchungaji, mimba yake ya pili. Alitembea kutoka malishoni na Atabo akimsindikiza, wakafika zahanati jua likiwa bado upande. Atabo akabaki nje, kwa maana wasindikizaji hawakuwa wakiingia. Akai akaketi kwenye benchi, mikono mapajani, kimya.

Sasa lazima ieleweke hivi. Mwanamke wa Kiturkana hafundishwi kulia kwenye uchungu. Anafundishwa kunyamaza. Aliyepiga kelele siku ya kujifungua atasemwa kisimani mpaka huyo mtoto wake aote ndevu. Kwa hiyo Akai alikaa pale kama mtu aliyekuja kumsubiri jirani.

Sista wa zamu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mwezi mmoja tu tangu aje, alikuwa peke yake, na foleni ya watoto wa chanjo ilifika mpaka langoni. Alimtupia Akai jicho, akamgusa tumbo, akasema, "Huyu bado sana. Akiwa tayari tutamsikia. Mwambie akatembeetembee, arudi mchana."

Akaale alikuwa ameshaitazama miguu ya Akai. Vidole vilikuwa vimeing'ang'ania sakafu kama vya mtu anayepanda mwamba, vinaachia kidogo, vinang'ang'ania tena. Mama yake alimfundisha hilo tangu akiwa mdogo: uso wa mwanamke unaweza kukudanganya, vidole vya miguu havijui kudanganya.

"Sista, huyu mtoto anakuja sasa hivi."

"Wewe umejuaje? Umesomea wapi?"

Hakusema kwa dharau. Aliuliza tu, huku anavuta dawa kwenye sindano. Lakini Akaale alitazama chini, kisha akamgeukia Akai, akamtafsiria maneno yote kama yalivyosemwa: nenda ukatembee, rudi mchana. Akai akainuka, akaenda.

Hakufika mbali. Yeye na Atabo walipovuka lango tu, penye kichaka cha mathenge, alipiga magoti mchangani, akazaa. Atabo alimpokea mtoto kwa mikono mitupu, Akaale, aliyekuwa amewafuata mbio, akafunga shuka kwenye matawi ya miba kuwasitiri. Mtoto wa kiume, akalia vizuri. Lakini damu ya mama yake haikukoma. Atabo alimkanda tumbo kama alivyojua, akamwekea mtoto titi kama alivyojua, na damu ikaendelea kuingia mchangani. Ndipo alipoinua uso, yeye Atabo, akapaaza sauti: "Mwite mwenye sindano!"

Sista alikuja mbio na beseni lake. Akachoma sindano pajani, akaingiza mkono, akatoa kipande cha kondo kilichokuwa kimebaki, akakandamiza, akahesabu kwa sauti. Baada ya muda damu ikapungua, kisha ikakoma. Akai alikuwa na midomo myeupe kama majivu, lakini alikuwa hai.

Sista akakaa mchangani pale pale, glavu nyekundu mpaka kwenye kifundo. "Kwa nini hakulia?" aliuliza. "Kwa nini hakusema chochote?"

"Mwambie kwetu hatulii," Atabo akamwambia binti yake. "Na mwambie asante. Ile sindano mimi sina."

Akaale akatafsiri. Halafu walipomlaza Akai ndani, sista akampa Akaale lile daftari kubwa. "Niandikie wewe, mwandiko wako ni mzuri. Si ndiyo kazi unayokwenda kusomea?"

Akaale akaandika jina, saa, uzito wa mtoto. Alipofika mahali palipoulizwa mtoto alizaliwa wapi, kalamu ikasimama. Alijua mtoto anakuja, akaulizwa swali moja tu akanyamaza. Mama yake aliona lile ambalo sista hakuliona, sista alikuwa na lile ambalo mama yake hakuwa nalo, na yeye alisimama katikati yao akibeba maneno ya huku kuyapeleka kule. Na huko Lodwar alikuwa anakwenda kujifunza kuandika vizuri zaidi mambo yaliyokwisha kutokea.

Jioni hiyo, kabla mbuzi hawajaingia, alimwambia mama yake: hataenda kusoma rekodi. Atarudia kidato cha nne, aitafute C ya Bayolojia, aende uuguzi.

Atabo aliendelea kukamua. Maziwa yakalia kwenye kibuyu kwa muda mrefu.

"Mtu hamwagi maji ya kibuyu kwa ajili ya wingu," akasema mwisho.

"Wingu nimeliona, Mama. Leo umeliona na wewe."

"Nimeona sindano. Wingu sijaliona. Rafiki zako wananyonyesha, wewe unataka kuvaa sketi ya shule?"

"Nitavaa."

"Watu watakucheka."

"Wacheke. Sitakufa kwa kuchekwa."

Atabo akamwachia mbuzi mguu, akasimama, mgongo wake ukalia kidogo. "Nakupa mpaka mtihani wa mwaka ujao. Mmoja tu. Ukishindwa, utachukua lolote atakalokupa Lokiru, hata kufagia. Na mambo haya ukamwambie mwenyewe kwa kinywa chako, si kwa simu. Yule alikutafutia."

Kwa hiyo Akaale akapanda gari kwenda Lodwar. Lokiru alimpokea getini kwa furaha, akawaita wenzake waje wamwone. "Huyu ndiye binti wa dada yangu! Huyu ndiye atakayekuwa anazishika faili zenu mkiugua!" Wakamsalimu, "Ejok, ejok," wakampa kiti ofisini kwa Lokiru, wakatoka. Soda ikaletwa. Akaale hakuifungua.

"Mjomba, nimekuja kurudisha ile nafasi."

"Nafasi ipi?"

"Ya chuo."

Lokiru akacheka, akangoja yeye naye acheke. Alipoona hacheki, akafunga mlango.

"Nafasi si sufuria ya kuazima, mtu anairudisha tu. Nimesimama kwenye milango ya watu kwa ajili yako."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Una D, Akaale! D! Miaka mitano imepita. Hata hiyo D yenyewe sasa imeshachakaa."

"Nitatafuta nyingine."

"Nyingine utaipata wapi? Kwa mbuzi?" Akapiga meza kwa kiganja. "Kuna wasichana hapa mjini wanalia kwa nafasi hiyo."

"Basi apewe mmoja wao, Mjomba. Atakushukuru kuliko mimi, kwa sababu yeye anaitaka."

Neno hilo lilimchoma. Lokiru aligeuka akatazama dirishani, upande wa mto Turkwel. "Ukianguka," akasema bila kugeuka, "usinipigie simu."

"Nikipita nitakupigia."

Akaiacha ile soda mezani, imefungwa hivyo hivyo.

Kakuma, mwendo wa miguu kutoka Lopur, kuna shule ya sekondari upande wa kambi ya wakimbizi ambako, watu walisema, kuna mwalimu anayejua Bayolojia hadi mifupa. Jina lake Kuany, mtu wa Sudan Kusini, mrefu mpaka huinama mlangoni, mwenyewe alikulia kambini. Asubuhi Akaale aliendelea kubeba mkoba wake wa afya Lopur. Mchana alitembea mpaka kwa Kuany. Mwalimu alimwuliza maswali mawili tu: kama ataweza kuja kila siku, na kama ataweza kukaa na watoto.

"Naweza."

"Watoto wangu wana mdomo," Kuany akamwonya.

Kweli walikuwa nao. Darasa lilikuwa la mabati, wanafunzi wanabanana watano watano. Akaale alipoingia, msichana mmoja wa benchi la mbele, Nyagoa, macho makali, akasema kwa sauti ya upole wa kujifanya: "Mama, mkutano wa wazazi ni Ijumaa."

Darasa likaangua kicheko.

"Najua," Akaale akajibu. "Nimekuja mapema nipate kiti kizuri. Sogea."

Wakacheka zaidi, lakini sasa walimcheka Nyagoa, naye akasogea.

Kijijini nao hawakumwacha. Septemba ilipofika na chuo kikafunguliwa, wakasema Lodwar imemrudisha. Wengine wakasema mjomba alidanganya, hakukuwa na nafasi yoyote. Atabo alipoulizwa kisimani alijibu, "Muulizeni mwenyewe, mdomo anao," lakini nyumbani alikuwa hamsemeshi sana binti yake, na godoro jipya alilisimamisha ukutani na karatasi yake ya nailoni, kila mtu aingiaye alione.

Mtihani wa kwanza wa Kuany ulihusu chakula kinavyosagwa mwilini mwa binadamu. Akaale aliandika kurasa tatu bila kuinua kichwa. Hapa alikuwa nyumbani! Tangu mtoto amekaa karibu na wazee wakichinja, amemwona babu yake akitandaza matumbo ya mbuzi juani na kusoma humo njia za mvua na za maadui. Kila mkunjo alijua jina lake. Aliandika, akachora, akatoa karatasi kwa kujivuna.

Kesho yake Kuany akasimama mbele na karatasi moja mkononi, akasoma: "'Binadamu ana matumbo manne. Chakula huingia la kwanza, kisha hurudi mdomoni kutafunwa mara ya pili.'" Akashusha karatasi. "Huyu binadamu wenu analala saa ngapi, kama usiku kucha anacheua?"

Watu walilia kwa kucheka. Hakutaja jina, lakini Nyagoa alikuwa ameshachungulia mchoro. "Mama mbuzi!" akanong'ona. Akaale alikusanya vitu vyake polepole. Mkono ulikuwa umeshashika mkoba. Hakuogopa kicheko, kilichomuuma ni kwamba kile kitu kimoja alichodhani anakijua, nacho kumbe si chake.

"Kaeni kimya," Kuany akasema. "Mnacheka sana. Mimi baba yangu alikuwa na ng'ombe. Darasa la nane niliandika neno hili hili, matumbo manne, na mwalimu wangu Mkongo alinichapa mpaka likabaki moja." Wakacheka tena, ila kicheko kingine. Kisha akamwendea Akaale, akamwekea karatasi mezani. "Nyinyi wengine mmeandika mistari mitatu, na hiyo mitatu mmekariri. Huyu ameandika kurasa tatu na ameona kwa macho. Amekosea mnyama tu. Dada, chora mstari katikati ya daftari. Mbuzi kushoto, mtu kulia. Kila somo. Panapofanana, unayo tayari. Panapotofautiana, hapo ndipo pa kusoma."

Akaale akauachia mkoba.

Hivyo ndivyo alivyosoma. Daftari lilikuwa na mstari katikati. Moyo: mbuzi vyumba vinne, mtu vinne. Figo, sawasawa. Mapafu, karibu sawa. Jumamosi alikwenda buchari Kakuma, akaomba moyo au figo, akampasulia Nyagoa na wenzake juu ya gunia huku wakiziba pua, na Nyagoa, aliyeijua Kemia kama mfuko wake, akamlipa kwa Kemia. Jina la Mama Mbuzi lilibaki, lakini sasa liliitwa na watu wanaotaka kusaidiwa.

Siku moja alikuwa anasoma kivulini, Atabo akapita, akasimama nyuma yake. Kusoma Atabo hajui, lakini mchoro aliujua.

"Hiyo ni kondo ya mbuzi."

"Ndiyo. Na hii ya mtu."

"Ya mbuzi ina vifungo vingi, kimoja kimoja. Ya mtu ni kama chapati, moja." Akaketi. "Kitabu kinasema nini, ikitoka?"

"Kitabu cha shule hakisemi sana. Cha unesi ndicho kitakachosema."

"Mimi nitakwambia. Unaigeuza, unaitazama pande zote. Ikiwa ina pengo kama chapati iliyomegwa, kipande kimebaki ndani. Siku ya Akai sikuitazama." Akagusa mchoro kwa kidole. "Damu ilinitisha, sikuitazama. Andika hilo."

"Upande upi, Mama? Huu wa mbuzi au wa mtu?"

"Wewe andika popote!"

Tangu siku hiyo kila jioni Atabo alimdai somo. Akaale hujibu kwa Kiturkana, mama yake anapinga, wanabishana mpaka majirani wanafikiri kuna ugomvi.

Mwaka ukazunguka. Novemba Akaale akaingia chumba cha mtihani na sketi ya shule, miaka ishirini na minne, mrefu kuliko msimamizi. Karatasi ya Bayolojia ilipogeuzwa alichora mstari katikati ya karatasi ya rafu, kisha akaanza. Januari majibu yakaja kwa simu. Aliyasoma mara ya kwanza akiwa wima, ya pili akiwa amechutama.

"Nini?" Atabo akauliza. "Sema."

"Bayolojia C."

"C ni kubwa au ndogo?"

"Inatosha."

"Sasa kama inatosha unalilia nini?"

Maombi ya chuo aliyajaza mwenyewe mara hii, pale saiba, duka la intaneti la Kakuma. Kijana wa saiba alitazama kioo, akamtazama yeye. "Dada, hapa unaweka chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Wewe umeweka uuguzi kote. Ukikosa?"

"Bonyeza."

"Mimi nakushauri tu…"

"Umeshauri. Bonyeza."

Alimpigia mjomba siku barua ya kukubaliwa ilipofika. Lokiru akasikika akimwambia mtu ofisini, mdomo mbali na simu: "Ni binti wa dada yangu. Ndiyo, yule. Nesi." Akamrudia. "Utafika lini? Nitakuja stendi."

Siku ya kuripoti foleni ilikuwa ndefu chuoni Lodwar. Mama mmoja karani alipekua kompyuta, akakunja uso.

"Akaale Lokuruka. Wewe uliitwa hapa miaka miwili iliyopita. Rekodi. Hukuja, hukuandika, hukusema kitu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa somo la mtu mwingine."

Karani akamtazama juu ya miwani, kama aliyetaka kuuliza zaidi, lakini nyuma watu walikuwa wanasukumana. Akagonga mhuri. "Uuguzi ni mlango ule wa pili. Wanapima sare. Haraka, wameshaanza."

Akaale akainua sanduku kichwani, akaenda.